Vitumbua 320 vya mama vilivyoliwa na mtandao

Nianze kwa kukiri kosa kabisa. Kwa karibia miezi nane nilikuwa namsema mama yangu mzazi kuhusu vocha, namsema kwa kumzunguka zunguka, mara namtania, mara nanuna kidogo kwenye simu, na siku moja nikamwambia kabisa maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nashika kichwa.

Mama anakaa Mbagala Charambe, mimi niko Tabata Segerea, na kwa wanaoijua Dar hiyo ni safari ya kuunganisha magari na foleni juu, kwa hiyo mambo yetu mengi yanaishia kwenye simu. Kila Jumatatu asubuhi namrushia vocha ya 2,000. Mama anatumia kitochi, kile cha batani chenye taa kichwani, simu janja tulimnunulia akakaa nayo wiki mbili akamgawia mjukuu, alisema inawaka waka yenyewe usiku kama ina mtu ndani. Kitochi ndio chake, chaji inakaa siku nne, kikidondoka anakiokota anakifuta na kanga maisha yanaendelea.

Sasa ikawa kila Jumamosi lazima niione ile meseji ya Tafadhali nipigie. Nampigia. Shikamoo mama. Marahaba baba, hamjambo huko, nilikuwa nataka kumpigia dada yako lakini salio limeisha. Limeisha? Si nimekuwekea Jumatatu? Limeisha baba. Umempigia nani mama? Sijampigia mtu.

Mimi na akili zangu za mjini nikajua hapa hakuna siri. Mama ana dada yake yuko Muheza na hao wawili wakishikana kwenye simu wanaanzia kwenye msiba wa juzi wanarudi nyuma mpaka harusi ya mwaka 1987 nani alikataa kula. Nikajua tu hela inaishia Muheza. Ndio siku hiyo nikamwambia, "Mama na wewe punguza stori basi, hela yenyewe inatafutwa." Akanyamaza kidogo halafu akasema "Haya baba, nimesikia." Kama mama yako amewahi kukujibu hivyo unajua uzito wake, ni heri angenitukana. Baada ya hapo Tafadhali nipigie zikakata. Wiki, mwezi, kimya. Mimi huku najipongeza kwamba somo limeeleweka.

Kumbe mama ameacha tu kuomba.

Siku nimeenda kumsalimia, nikataka kuchukua namba ya fundi bomba kwenye simu yake, nakuta kile kibahasha cha meseji kinachezacheza juu ya kioo, kwenye vitochi kikicheza hivyo ujue sanduku limejaa na hakuna meseji inayoingia tena. Nikafungua nimfutie. Aisee. Nilikaa kwenye kigoda pale uani nasoma meseji za mama yangu mwenye miaka 66 zinamfundisha namna ya kumteka mpenzi. Yaani moja inasema mwanamke anapenda kusikilizwa, mtumie ujumbe mzuri kabla hajalala. Inayofuata matokeo ya ligi ya Uingereza. Inayofuata staa gani kaachana na nani. Halafu inarudi tena mapenzi. Na mwisho wa kila moja, kwa kaherufi kale kale, umekatwa 150, umekatwa 100, umekatwa 100.

Nikamuuliza mama hizi meseji unazisoma? Akaniambia miwani yenyewe ya kushonea, hizo si za mtandao? Mimi nazionaga zinaingia nikajua wanatangaza mambo yao.

Haya tupige hesabu, maana mimi nilipiga palepale kwa kijiti kwenye mchanga. 150 na 100 na 100 ni 350 kwa siku. Ukiweka 2,000 Jumatatu, mpaka Ijumaa imeshaliwa 1,750, inabaki 250, Jumamosi zile huduma zinaamka na njaa yake zinaikuta hiyo 250 zinagawana. Mama hajagusa hata batani. Kwa mwezi wa wiki nne ni 8,000. Kwa miezi nane ya ugomvi wangu na yeye ni 64,000. Mama anauza vitumbua, kimoja 200. Gawanya. Ni vitumbua 320, na kila kimoja kimegeuzwa kwa mkono pale jikoni kabla watu hawajaamka, ili mtu asiyemjua amtumie habari za Liverpool.

Kwa ambao hamjawahi kuingia kwenye hii biashara, inakwenda hivi. Zile namba fupi fupi zinazotuma vitu kama hivyo mara nyingi sio mtandao wenyewe, kuna kampuni za maudhui zinapewa namba kwenye mtandao, zinatengeneza hizo dondoo za mapenzi na mpira na nyota na miito ya simu, mtandao unakata kwenye salio lako halafu wanagawana. Ukilalamika unaambiwa hiyo ni huduma ya mshirika wetu. Sawa, mshirika, lakini aliyeingiza mkono kwenye salio la mama ni nani? Mshirika hana ufunguo wa nyumba, mwenye ufunguo ni wewe. Na mtu akisema lakini ni 350 tu, mwambie achukue wamama laki moja kama huyu wangu, mara 350, ni milioni 35 kwa siku, na mwisho wa mwaka 2023 laini zilizosajiliwa nchi hii zilishapita milioni 70, kwa hiyo hao laki moja wala hawaonekani ukiwatafuta.

Na kuna kitu kingine nilikuja kukishtukia nikiwa pale kwenye kigoda. Mimi siguswi na hivi vitu kwa sababu sikai na salio. Nikiweka hela tu najiunga bando palepale, dakika na jibi na meseji, salio linabaki sifuri au shilingi 14, mshirika akija anakuta nyumba haina kitu. Mama hajui kujiunga, ile menyu ya nyota mia na ngapi na alama ya reli ina kurasa nne na herufi za mchwa, kwa hiyo yeye anapiga kwa salio la kawaida ambalo kwa dakika ni ghali kuliko mtu yeyote mwenye kifurushi. Yaani anayelipa bei kubwa kuliko wote ni bibi wa kitochi, na ndiye huyo huyo anayekatwa juu yake.

Nasema hivi kwa sababu sisi wa bando tunajua kupiga kelele. Mnakumbuka Ijumaa Kuu ya 2021, tarehe 2 Aprili? Watu wameamka wanataka kujiunga wanakuta vifurushi vimepanda halafu vimepungua, siku hiyo ilianza kutumika kanuni mpya za vifurushi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ilitarajiwa tupate nafuu, ikatoka kinyume. Mji ulichafuka, mitandaoni hakukaliki, na haikuchukua muda serikali ikasitisha bei zikarudi za zamani. Na kwenye zile kanuni kulikuwa na mambo mazuri tu, kwamba uambiwe kifurushi kikifika asilimia 75 na kikiisha, uweze kumhamishia mwenzio, na kikiisha usikatwe kwenye salio bila kukubali mwenyewe. Hilo neno kukubali naomba mliweke pembeni nitalirudia. Hata tozo za miamala za Julai 2021 tulipiga kelele, kutoka shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, Septemba wakapunguza asilimia 30 na miaka iliyofuata zikaendelea kushushwa. Mama kipindi hicho alihamisha hela zake zote kwenye kibubu, hakupiga kelele na mtu.

Lakini nani alipiga kelele ya dondoo za mapenzi? Anayekatwa hajui kama anakatwa.

Haya, nikapiga 100, huduma kwa wateja. Huo mtandao siutaji, na sina haja, naona hili liko sehemu nyingi. Kwa Kiswahili bonyeza moja, muziki, kwa vifurushi bonyeza hiki, muziki, asante kwa kusubiri simu yako ni muhimu kwetu, muziki ule ule, mpaka mama akaanza kuuimba akiwa anapepeta mchele. Dakika 19. Akapokea dada mmoja ana sauti nzuri sana, nikamweleza, akasema pole sana kaka, naomba jina kamili lililosajili laini.

Hapo ndipo tulipokwama.

Rudini 2020. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ulikuwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka tarehe 20 Januari 2020, baada ya hapo laini inazimwa. Na kusajili lazima uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Foleni za NIDA za kipindi kile hata sihitaji kuwaelezea, watu walikuwa wanaamkia kwenye ofisi na viti vyao. Mama alipanga foleni siku tatu, namba yake ikawa haijatoka, na hata vidole vyenyewe vilikuwa vinasumbua mashine, unajua mtu aliyegeuza vitumbua miaka 30 na kuosha masufuria kwa majivu na mchanga, vidole vyake vimekuwa laini kama kokoto ya mtoni, ile michirizi imebaki kidogo sana. Ikabaki siku mbili laini izimwe, na hiyo laini ndio wateja wake wa shughuli wote wanayo. Mtoto wa jirani mwenye NIDA akajitolea, akaweka dole, laini ya mama ikawa ya kijana wa miaka 22. Nyumba nyingi uswahilini zilifanya hivi na wote tunajua. Ukipiga *106# leo uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA unaweza kukuta umemlea mtu usiyemjua.

Kwa hiyo kwenye mtandao mama yangu ni mwanaume wa miaka 27 sasa hivi, na labda ndio maana walikuwa wanamtumia mbinu za kumteka mwanamke, sijui. Dada wa 100 akaniambia kwa upole kabisa hawezi kunigusia taarifa za laini isiyo ya kwangu, mwenyewe aende dukani na kitambulisho. Nikasema lakini hela anayokatwa ni mama. Akasema naelewa kaka. Na alikuwa sahihi bana, kama angekuwa anampa kila anayepiga taarifa za laini za watu tungeibiwa wote.

Nikajaribu njia ya kujitoa mwenyewe. Meseji ya mpira ilikuwa na maelekezo chini, tuma neno fulani kwenda namba ile ile, nikatuma, ikajibu umefanikiwa kujitoa. Nikafurahi. Ya mastaa haikuwa na maelekezo, nikabahatisha ACHA, nikabahatisha TOKA, nikabahatisha ONDOA, kila moja inajibu neno ulilotuma si sahihi, na wakati huo mama kasimama nyuma yangu anauliza kwani kuingia uliingiaga na neno gani si uwaambie hilo hilo kinyumenyume.

Huyu mama msimuone hivi, sio mshamba wa simu. Zile meseji za matapeli, ile hela tuma kwenye namba hii jina litakuja la nani, anazipokea sana. Moja ilimwambia mimi baba mwenye nyumba wako ile kodi nitumie huku simu yangu mbovu. Mama nyumba ni yake. Alimpigia yule tapeli kwa salio lake akamuuliza baba mwenye nyumba wewe mbona nimekuzika mwaka 2009? Akakata. Jamaa wa kumwambia tunakupigia kutoka makao makuu tupatie namba ya siri ndio kabisa, anajua huduma kwa wateja inapiga kwa 100 tu, hakuna mtu wa kampuni anaomba namba ya siri, anawasomesha mpaka wanakata wenyewe. Tapeli hamuwezi kwa sababu tapeli anabisha hodi, lazima akuombe utume. Hawa wa 350 hawaombi chochote, wana funguo.

Basi tukaenda dukani, tena msafara. Mimi, mama kavaa baibui lake la kwenda hospitali, na yule mtoto wa jirani ambaye sasa ni bodaboda Kigamboni, kumpata tu wiki mbili, na alikuja kwa masharti ya kufidiwa siku yake, 15,000, nikaitoa roho inauma. Tukachukua namba, ya 87, kwenye kioo iko 41. Kiyoyozi baridi mama anatetemeka. Kuna bango kubwa ukutani mwanamke anacheka na simu, mama akaniuliza huyu anacheka nini muda wote.

Kuhamisha umiliki kulichukua zaidi ya saa nzima, karibu yote ni vidole. NIDA ya mama ilishatoka siku nyingi, tatizo ni dole. Kijana wa pale, na huyu nampa heshima yake, hakukasirika hata mara moja. Dole gumba la kulia, mashine inalia. La kushoto, inalia. Cha shahada, inalia. Akamfuta mama mikono na kitambaa chenye maji maji, akamwambia mama kandamiza kidogo, sio sana, hapo hapo, usitikisike. Mama anacheka anasema mwanangu hivi vidole vinashika kikaango cha moto huwezi kuvisoma wewe. Kilichokubali ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kile kisicho na kazi. Mashine ikawasha kijani watu waliokaa wakapiga makofi.

Ndio tukaanza la kwetu. Kijana akafungua kompyuta, akaangalia, akanigeuzia kioo kidogo nione. Akasema kaka hizi huduma mteja alijiunga mwenyewe. Nikasema haiwezekani. Akasema angalia, mapenzi saa 10 na dakika 12 alfajiri, mastaa siku tofauti saa 10 na 40 alfajiri, mpira saa 11 kasoro. Zote zimekubaliwa kwenye simu.

Hapo nikachemka. Nikamwambia kwa sauti, duka zima linasikia, yaani unataka kuniambia huyu bibi anaamka saa kumi alfajiri anajiunga na dondoo za mapenzi? Mfumo wenu unaongopa, mnaunganisha watu usingizini mkijua wamelala, huu ni wizi. Nikasema sana. Nikasema naenda TCRA pale Mawasiliano Towers na najua utaratibu, unaanza kulalamika kwa mtoa huduma, usiporidhika unapeleka kwao, na lipo Baraza la Watumiaji kazi yake ndio hiyo. Yote hayo ni kweli na mtu mwingine yamfae. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho. Mama alikuwa anaangalia chini.

Akaondoa zile mbili zilizobaki, akatupa namba ya lalamiko, akaandika maombi ya kurudishiwa. Baada ya siku tisa mama akaingiziwa 1,050, ambayo ni siku tatu za makato, tena imekuja kama bonasi ya kutumia ndani ya saa 72 kupiga mtandao huo huo. Miezi nane wamerudisha siku tatu. Nikapiga tena nikaambiwa lalamiko limefungwa. Nikasema haya, ni kawaida yao, angalau mama kapona.

Sasa sehemu yenyewe ni hii.

Wiki tatu baadaye mvua imepiga mji umesimama, niko Mbagala na sioni namna ya kurudi Segerea, nikalala kwa mama. Saa 10 alfajiri nikasikia anatoka. Unga ameshauumua usiku, sasa anaenda kuwasha jiko, na jiko la mama liko nje kwenye kibanda cha mabati, taa haijafika huko. Nikainuka nimsaidie kubeba ndoo. Nikamkuta amesimama mlangoni kwenye giza, mkono wa kulia umejaa unga wa mchele mpaka kwenye kiwiko, mkono wa kushoto kashika kitochi, anataka kuwasha tochi. Kile kitochi chake ukitaka tochi unabonyeza kwanza batani ya katikati kioo kiamke, ndio ushikilie ile ya juu. Akabonyeza ya katikati kwa kifundo cha kidole.

Kioo kikaamka, na tayari kilikuwa na ujumbe umekaa katikati, zile zinazojitokeza zenyewe bila kuingia kwenye sanduku. Nilikuwa nyuma ya bega lake naona vizuri. Je wajua nyota yako inasema nini leo? Chini yake neno moja tu, Sawa. Na Sawa iko kwenye batani gani? Ya katikati. Mama akabonyeza tena kwa sababu tochi haijawaka. Kioo kikazunguka kidogo. Umefanikiwa kujiunga. Akashikilia ya juu, tochi ikawaka, akaendelea zake kwenye jiko, hakusoma hata herufi moja.

Nilibaki pale mlangoni nimeshika ndoo.

Yaani yule kijana wa dukani hakuniongopea, mfumo wake hauna uongo wowote, umeandika saa na dakika na umeandika mteja amekubali. Na mama naye hajaongopa. Aliyetengeneza ule ujumbe utokee kwenye batani ambayo watu wanawashia tochi, tena saa kumi alfajiri, huyo yuko ofisini kwenye kiyoyozi na kwenye ripoti yake mama yangu ni mteja mpya anayependa nyota. Lile neno kukubali nililowaambia mliweke pembeni, ndio hili hapa, ni kifundo cha kidole chenye unga.

Barua ya TCRA nimeanza kuiandika upya kabisa, ya kwanza ilikuwa ya matusi. Hii ya sasa naeleza batani. Nimepiga na picha tatu za kile kioo kwa simu yangu, maana asubuhi iliyofuata niliamka makusudi saa 10 nikakaa nakisubiria kama mvuvi, na ulikuja mwingine kweli, wa mpira.

Kuhusu Muheza, nilimwomba mama radhi siku ile ile, tumekaa kwenye jiko moshi unaniliza. Nikamwambia mama nisamehe ile siku nilikwambia upunguze stori. Akageuza kitumbua, akasema mimi wala sikumbuki. Halafu akasema, lakini dada yangu sikumpigia tangu siku ile.

Nikampigia huyo dada yake wa Muheza mimi mwenyewe kwa bando langu, dakika 300 za mwezi, nikampa mama simu, wakaongea mpaka vitumbua vya kwanza vikaungua, na hiyo hasara nililipa mimi.

Mchana nikapita Rangi Tatu nikamnunulia tochi ya kuchaji, 6,000, ile ya kuning'iniza. Sasa kitochi kinalala juu ya kabati kimefungwa kwenye kanga mpaka saa mbili asubuhi wateja waishe, mama anasema huko ndani kinapiga kelele lakini anakiacha kipige.